Asilimia ya Benki ya Maswali Siyo Matokeo ya Mtihani: Mwongozo kwa Daktari Anayejiandaa na USMLE

Karibu kila mwezi napata ujumbe unaofanana na huu: "Shikamoo dokta. Nina asilimia 58 UWorld, mtihani ni baada ya wiki tano. Niendelee au niahirishe?" Anayeuliza huwa yuko intanshipu au amemaliza juzijuzi. Anasoma usiku baada ya zamu, na ada ya mtihani ameikusanya kwa kujinyima. UWorld ni benki ya maswali ya mazoezi ya mtandaoni, na mimi humjibu kwa swali: hiyo 58 umeipataje? Bila kujua hilo, siwezi kumwambia lolote kuhusu siku ya mtihani.

Mwongozo huu ni jibu langu refu kwa wote walioniuliza. Step 1 (sehemu ya USMLE ya sayansi za msingi) na Step 2 CK (ile ya maarifa ya kliniki) nilizifanya huku nikiendelea na kazi wodini, na wiki nyingi nilizipoteza kwa kuiamini namba nisiyoielewa. Nitaongelea USMLE, mtihani wa leseni ya Marekani, kwa sababu ndio ninaoujua kwa kuukalia. Anayejiandaa na PLAB ya Uingereza ataokota mengi humu, ila akumbuke kwamba PLAB 1 ni maswali 180 kwa saa 3. Hiyo ni dakika moja kwa swali, mwendo tofauti kabisa.

Hatua ya kwanza: jua kila kimoja kimejengwa kwa kazi gani

Benki ya maswali imejengwa ili ikufundishe. Mwandishi wake anapatafuta mahali ambapo wengi huteleza, anaweka swali hapohapo, na ukishakosea anakuketisha chini kukueleza: mchoro, jedwali, sababu ya jibu sahihi na kasoro ya kila jibu lililobaki. UWorld ina maswali zaidi ya elfu tatu kwa Step 1 peke yake. AMBOSS, iliyoanzia Ujerumani, imeyaunganisha maswali yake na maktaba ya makala, hivyo neno usilolijua unalibonyeza na kusoma papo hapo. Katika benki zote mbili, kukosea ndiyo njia yenyewe ya kujifunza. Anayepata asilimia 95 tangu siku ya kwanza hana cha kununua huko.

Mtihani umejengwa ili upime. NBME, taasisi inayoumiliki pamoja na FSMB (shirikisho la mabaraza ya udaktari ya majimbo ya Marekani), huwafundisha waandishi wake kanuni moja ambayo hata mtahiniwa inafaa aijue: ukiyafunika majibu kwa kiganja na kusoma kisa na swali tu, mwenye kujua aweze kulitaja jibu kabla hajaliona. Hutakuta "yote hapo juu" wala maswali ya "isipokuwa". Majibu yote ni ya jamii moja: kama ni dawa, zote ni dawa, kama ni vimeng'enya, vyote ni vimeng'enya.

Ndiyo maana ugumu wake haufanani. Swali la benki ni gumu kwa wingi wa mitego. Swali la mtihani ni gumu kwa uchache wa vidokezo: linakupa kisa kikavu, halikuelekezi, na vipotoshi vyake (majibu yasiyo sahihi) vimekaa kimya kama majibu halali. Wengi wakitoka chumbani hawasemi "maswali yalikuwa magumu". Husema, "sikuelewa walikuwa wanataka nini."

Kuna tofauti nyingine ambayo huioni kwenye skrini. Baadhi ya maswali ya mtihani hayahesabiwi. Yamewekwa ili yenyewe yajaribiwe kabla hayajaanza kutumika, na huwezi kuyatambua. Swali la ajabu kupita kiasi katikati ya bloku (sehemu moja ya mtihani) huenda ni mojawapo. Pia alama zako husawazishwa kulingana na ugumu wa karatasi uliyopewa, hivyo mwenzako aliyepata karatasi nyepesi hajakupita kwa bahati. USMLE wenyewe wamekuwa wakieleza kwamba kwa kawaida mtahiniwa anahitaji kujibu kwa usahihi takriban asilimia 60 ya maswali ili afaulu, na kwamba kiwango hicho hutofautiana kati ya karatasi na karatasi. Usiichukue 60 hiyo ukaiweka kando ya asilimia yako ya benki. Ni vipimo viwili tofauti, kama kulinganisha uzito kwa kilo na urefu kwa futi.

Hatua ya pili: tazama jambo moja likiulizwa mara mbili

Nimetunga mfano huu mwenyewe, kwa ugonjwa ambao sote tunautibu.

Kwa mtindo wa benki: Mwanamume wa miaka 34 aligunduliwa kifua kikuu miezi miwili iliyopita, akaanzishiwa isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Anakunywa pombe kila siku, hapati lishe nzuri, amepungua uzito. Sasa nyayo zinachoma na kufa ganzi. Reflexi za vifundo zimepungua. Je, ni kirutubisho gani kingemkinga? Majibu: thiamini, kobalamini, vitamini B6, foleti, niasini.

Yeyote aliyepita kliniki ya kifua kikuu anajibu usingizini: B6. Vidonge vyenyewe tunawapa wagonjwa kwa mikono yetu. Pombe na lishe duni zimewekwa ili ujiulize kama jibu si thiamini, na maelezo yatakufungulia jedwali la madhara ya dawa zote nne.

Kwa mtindo wa mtihani: Mwanamume wa miaka 34 analalamika nyayo kuchoma kwa wiki tatu. Miezi miwili iliyopita alianza dawa za maradhi ya mapafu, na mkojo wake umekuwa wa rangi ya chungwa. Hisi ya mguso imepungua kuanzia vidoleni hadi vifundoni. Ni mmenyuko upi kati ya hii ambao huenda umedhoofika zaidi? Majibu: piruveti kuwa oksaloaseteti, piruveti kuwa asetili-CoA, methilmalonili-CoA kuwa suksinili-CoA, homosisteini kuwa methionini, alanini kuwa piruveti.

Hapo utaona aliyezoea kutoa vidonge amekwama. Dawa haijatajwa, ugonjwa haujatajwa, vitamini haijatajwa. Rangi ya mkojo inakupa rifampisini. Rifampisini inakupa kifua kikuu, na kifua kikuu kinakupa isoniazidi. Isoniazidi inakupeleka kwenye B6, na B6 inahitajika na vimeng'enya vinavyohamisha kundi la amino. Kwa hiyo ni alanini kuwa piruveti. Sasa vitazame vipotoshi kimoja kimoja: cha kwanza ni cha biotini, cha pili cha thiamini, cha tatu cha kobalamini, cha nne cha kobalamini na foleti. Karibu zote ni vitamini zilezile za swali la benki, zimevaa nguo za baiokemia. Aliyeisoma benki kwa kukariri "isoniazidi, B6" amebeba hatua moja kati ya tano.

Fanya zoezi hili kila siku kwa maswali mawili tu. Ukimaliza kusoma maelezo ya swali la benki, jiulize: wangeniuliza jambo hili hatua mbili mbele, wangeuliza nini? Na hatua mbili nyuma? Andika jibu kwa sentensi moja. Dakika zake hazizidi kumi, na sijui zoezi jingine linaloipunguza haraka zaidi tofauti ya benki na mtihani.

Hatua ya tatu: ipitie benki kwa namna inayofanana na mtihani

Usajili wa benki huhesabiwa kwa siku, na siku zinaanza kuliwa ukishauwasha. Usiuwashe siku uliyolipia kwa sababu tu una hamu. Uwashe utakapokuwa umekwisha kupita somo zima angalau mara moja, ratiba yako ya zamu unaijua, na bando la intaneti lipo.

Mwezi wa kwanza unaweza kufanya maswali kwa mfumo mmoja mmoja: moyo, figo, damu. Maelezo yaonekane kila baada ya swali. Huko ni kusoma na hakuna ubaya. Ila ujue kwamba asilimia unayoipata hapo imenenepa. Ukishachagua "figo", tayari umejibiwa nusu ya swali: mgonjwa mwenye uvimbe wa miguu hawezi kuwa na tatizo la moyo wala la ini. Kwenye mtihani hakuna anayekwambia uko mfumo gani, na kuutambua mfumo ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo kuanzia mwezi wa pili badilika: maswali 40, mchanganyiko wa masomo yote, muda umewashwa, majibu hayaonekani hadi mwisho. Sekunde 90 kwa swali. Asilimia itashuka, pengine kwa alama kumi, na usiku huo utajisikia vibaya. Ivumilie. Umeondoa msaada ambao mtihani usingekupa.

Usiuahirishe mchanganyiko hadi "nitakapokuwa tayari". Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 jambo ambalo kila anayejiandaa anapaswa kulijua: waliosoma kifungu na kukirudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki waliojipima kwa kukumbuka bila kuangalia waliwapita. Kurudia kusoma kunakupa raha ya leo. Mtihani wako si leo.

Hatua ya nne: tenga muda mrefu zaidi kwa marejeo kuliko kwa maswali

Bloku ya maswali 40 inakula saa moja. Marejeo yake yachukue saa mbili hadi tatu. Ukiona unamaliza marejeo kwa dakika arobaini, hujarejea. Umesoma rangi ya kijani na nyekundu tu.

Weka daftari la makosa, la karatasi au la kwenye simu, upendavyo. Usinakili maelezo ya benki humo, kwa kuwa hayo utayakuta kulekule. Andika sababu ya kukosea. Kwangu zilikuwa tano: sikujua kabisa, nilijua nikasahau, nilisoma vibaya, nilibaki na majibu mawili nikachagua baya, nilibadilisha jibu lililokuwa sahihi. Hii ni moja ya kumbukumbu zangu za wakati ule:

"Mtoto miaka 4, uvimbe usoni asubuhi, protini nyingi mkojoni. Nilichagua ugonjwa wa figo wa baada ya streptokoka. Sababu: nilisoma vibaya. Kisa kilisema hakuna damu kwenye mkojo, mimi nikaruka 'hakuna'."

Baada ya wiki tatu nilihesabu: karibu theluthi moja ya makosa yangu yalikuwa ya kusoma vibaya. Sikuwa na upungufu wa fiziolojia kwenye maswali hayo. Nilikuwa na haraka. Kuanzia hapo nikawa nasoma sentensi ya mwisho kwanza, kisha kisa, na kila "hakuna", "bila" na "isiyo" naipigia mstari kwa kifaa cha kwenye skrini. Bila daftari ningeendelea kujitesa na vitabu vya figo.

Yale yaliyoangukia "sikujua" yaingize kwenye kadi za kurudia, Anki au nyinginezo, lakini kwa maneno yako mwenyewe na kadi chache kwa siku. Nimewaona vijana wanaotengeneza kadi 80 kila usiku. Mwezi wa pili kadi zimewazika, benki imesimama.

Hatua ya tano: jifunze kuisoma asilimia

Mzunguko wa kwanza (mara ya kwanza kuipitia benki), mchanganyiko, kwa muda: hiyo ndiyo asilimia pekee ya benki ninayoitazama kwa makini, na hata hiyo natazama mwelekeo wake kwa wiki kadhaa, si namba ya siku moja. Wastani wa miezi mitatu unachanganya mtu uliyekuwa mwanzo na mtu uliye sasa. Kata wiki mbili za mwisho, uzitazame peke yake.

Mzunguko wa pili unadanganya. Mimi nilifika asilimia 78 mzunguko wa pili nikawaambia marafiki kwamba niko tayari. Nikafanya kipimo cha NBME, kikanionyesha kwamba ningeweza kufeli. Nilikuwa nayakumbuka maswali. Nilikuwa naona "mwanamke wa miaka 27, mwalimu" na kidole kinakwenda chenyewe kwenye jibu C. Ukirudia benki, kabla ya kubonyeza taja kwa sauti sababu ya jibu na sababu ya kulikataa moja kati ya yaliyobaki. Ukishindwa kutaja, lihesabu umelikosa hata kama skrini inakupongeza.

Usijilinganishe na asilimia za wenzako. Mmoja amefanya kwa mfumo, mwingine kwa mchanganyiko, mwingine ametumia nakala za zamani alizopewa, na maswali mengi ameshayaona. Hizo nakala zilizopigwa picha na kuuzwa kwa bei chee pia sikushauri uziguse: viwango vya tiba hubadilika, picha hazisomeki, na muda huwezi kuupima. Ukikosa pesa ya miezi sita, nunua mwezi mmoja na uutumie vizuri.

Hatua ya sita: pima kwa kipimo cha mwenye mtihani

Hapa ndipo jibu la "niendelee au niahirishe" linapopatikana. NBME huuza vipimo vya kujitathmini vilivyoandikwa kwa mkono uleule unaoandika mtihani. Cha Step 1 kina maswali 200, sehemu nne za maswali 50, dakika 75 kila moja. Mwishoni kinakupa asilimia iliyosawazishwa na uwezekano wa kufaulu ukikaa mtihani ndani ya wiki moja. Cha Step 2 CK kinakupa makadirio ya alama zenyewe.

Fanya kimoja mwanzoni kabisa, hata kama kitakuumiza, ili ujue unaanzia wapi. Kingine katikati. Viwili vya mwisho ndani ya wiki nne kabla ya tarehe, vikiwa vimeachana kwa siku kumi hivi. Binafsi nasema uko salama kwa Step 1 ukipata vipimo viwili mfululizo vyenye uwezekano wa 95 kwa 100 au zaidi. Kimoja kizuri kikifuatiwa na kibaya, amini kibaya.

Tovuti ya USMLE pia ina maswali 120 ya mfano, bure. Yaweke akiba hadi wiki ya mwisho. Ndiyo yanayofanana zaidi na mtihani kwa sura ya skrini, urefu wa visa na namna ya kuuliza. Ukiwa na uwezo, unaweza kulipia kuyafanya ndani ya kituo cha Prometric, kampuni yenye vituo vya kufanyia mtihani, ukayazoea mazingira yake: kukaguliwa mlangoni, ubao mdogo wa kuandikia, kamera, mtu wa jirani anayegonga kibodi kama anatwanga kisamvu.

Kwa nini nasisitiza hivi? Tangu tarehe 26 Januari 2022 Step 1 inatoa jibu moja tu, umefaulu au hujafaulu. Wengi walidhani umekuwa mwepesi. Kwa watahiniwa waliosoma nje ya Marekani na Kanada wanaoufanya kwa mara ya kwanza, waliofaulu walikuwa 82 kwa 100 mwaka 2021, wakashuka hadi 74 mwaka 2022. Kufeli hakufutiki kwenye rekodi yako, na kila Step ina ukomo wa kujaribu mara nne. Kwa upande wa Step 2 CK alama bado zinatolewa, na tangu Julai 2025 kiwango cha kufaulu ni 218. Kwa sisi tuliosoma nje, hiyo ndiyo namba ambayo wakuu wa mafunzo ya ubingwa huko Marekani huitazama kwanza.

Hatua ya saba: ziba mapengo ambayo ni yetu peke yetu

Benki zimeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Marekani. Kuna mambo hazikuelezi kwa sababu yeye anayajua tangu shule.

Vipimo vya maabara ni la kwanza. Sisi wengi tunafikiri sukari kwa milimoli. Huko ni miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18: 126 yao ni 7 yetu. Kreatinini zidisha kwa 88: 1 yao ni 88 yetu. Jedwali la viwango lipo kwenye skrini, lakini ukilifungua kila swali sekunde 90 zinakwisha. Fanya benki mwezi mzima bila kubadilisha, hadi kreatinini 2.4 ikushtue yenyewe.

La pili ni majina ya dawa. Paracetamol yetu kwao ni acetaminophen. Salbutamol ni albuterol, adrenaline ni epinephrine, pethidine ni meperidine, glibenclamide ni glyburide. Andika orodha hiyo ukutani.

Halafu magonjwa. Malaria huko ni ya msafiri aliyerudi. Homa na kikohozi ndani ya kisa cha mkulima wa bonde la Ohio au Mississippi ni histoplasma (fangasi wa mapafu) kabla ya kingine chochote; akitoka Arizona, fikiria koksidioidi, fangasi mwingine. Kupe wa kaskazini mashariki analeta ugonjwa wa Lyme. Mahali alipotoka mgonjwa ni kidokezo.

Lakini pengo kubwa kuliko yote ni maswali ya mawasiliano na maadili, ambayo kwenye Step 1 ni asilimia 6 hadi 9. Benki ina machache, na wengi wetu tunayaruka tukidhani ni ya busara tu. Chukua hili: mama wa miaka 68 ana saratani ya kongosho. Mwanawe wa kiume anakuvuta pembeni na kukuomba usimwambie, moyo wake hautahimili. Wodini kwetu hilo linatokea kila wiki, na mara nyingi tunakaa na ndugu kwanza, tunashauriana, mzee anaambiwa taratibu au haambiwi. Kwenye mtihani, jibu hilo ni kosa. Jibu linalotakiwa ni lile linalomsikiliza mwana, linamuuliza anahofia nini, halafu linakwenda kwa mama mwenyewe kumuuliza angependa kujua kiasi gani kuhusu hali yake. Mwenye mwili ndiye mwenye habari. Siyo lazima uone kwamba desturi yetu haina thamani. Mimi bado nakaa na ndugu. Ila ndani ya chumba kile unajibu kama daktari wa Marekani, na kila ukibaki na majibu mawili, chagua lile linalomwachia mgonjwa kauli na linaloanza kwa kuuliza kabla ya kuelekeza.

Takwimu na epidemiolojia ni asilimia 4 hadi 6 nyingine. Hizi zina fomula chache na alama za uhakika. Siku tatu za kuchora jedwali la mbili kwa mbili kwa mkono zinatosha.

Hatua ya nane: uzoeshe mwili

Benki haichoshi kama mtihani, na hakuna asilimia inayoonyesha hilo. Kwa miaka mingi Step 1 imekuwa siku ya saa 8: bloku 7 za dakika 60, kila moja isizidi maswali 40, jumla isizidi 280. Step 2 CK ni saa 9, maswali yasiyozidi 318. Mapumziko ya siku nzima hayafiki saa moja, unayagawa mwenyewe. Mgawanyo wa bloku hurekebishwa, kwa hiyo mwongozo wa USMLE wa mwaka wako usome kabla hujapanga mazoezi.

Anayefanya bloku mbili kwa siku anaijua akili yake ya asubuhi tu. Siku niliyojaribu siku nzima kwa mara ya kwanza, kwenye bloku ya sita nilisoma sentensi moja mara tatu na bado sikujua kama mgonjwa ni mwanamume au mwanamke. Ndipo nikajua tatizo langu lilikuwa chakula: nilikula wali na maharage mchana, tumbo likanilaza. Siku ya mtihani nikabeba ndizi, karanga na chupa ya maji, nikala kidogo kidogo kila baada ya bloku mbili.

Fanya siku kamili angalau mbili, katika wiki nne za mwisho. Kipimo cha NBME asubuhi, bloku tatu za benki mchana. Anza saa utakayoanza mtihani. Simu iwe chumba kingine. Ukiwa nyumbani kwenye kelele, usiombe kimya. Vizibo laini vya masikio vinaruhusiwa kituoni, nawe zoea kuvivaa. Utangulizi wa namna ya kutumia programu usome nyumbani, kwa sababu ukiuruka siku ile, dakika zake zinaongezwa kwenye mapumziko.

Kuhusu "kumbukizi"

Kuna watu watakutumia faili la maswali "yaliyotoka wiki iliyopita". Ninakuomba usilifungue. Wakati wa kujiandikisha unakubali kwa maandishi kutotoa wala kutumia maswali ya mtihani, na wanachunguza. Januari 2024 USMLE ilitangaza kufuta matokeo ya watahiniwa kadhaa waliohusishwa na Nepal baada ya kuona mwenendo wa alama usio wa kawaida, na waliofutiwa wakatakiwa kurudia mtihani kuthibitisha uwezo wao. Fikiria miaka uliyowekeza iishie hapo. Na hata kwa hesabu ya kawaida faili hilo halina faida: majibu yake yameandikwa na mtu aliyetoka chumbani amechoka, asiyejua kama alipata.

Hatua ya mwisho: amua, na ufunge mahesabu

Turudi kwa mdogo wangu wa asilimia 58. Ikiwa ni mzunguko wa kwanza, mchanganyiko, kwa muda, na wiki mbili za mwisho zinapanda kuelekea 65, namwambia afanye NBME wiki hii na tuongee. Ikiwa ni kwa mfumo mmoja mmoja na maelezo yakiwa wazi, namwambia ana kazi ya miezi miwili, si wiki tano. Namba ni ileile, na ushauri ni mbali kama Kigoma na Tanga. Kipindi cha mtihani unachokichagua ni cha miezi mitatu. Ukiona unahitaji kusogeza tarehe, sogeza mapema, kwa kuwa ada ya mabadiliko hupanda kadiri siku inavyokaribia.

Siku mbili za mwisho usifanye benki. Pitia daftari la makosa na fomula za takwimu. Toa pasipoti, uilinganishe na kibali cha mtihani herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu, na lile la babu huandikwa hapa, likaachwa kule; kosa hilo lirekebishwe wiki kadhaa kabla, mlangoni hawalirekebishi.

Ukitoka, kuna maswali yatakayokufuata hadi nyumbani. Usiyatafutie majibu. Akili hushika yaliyokusumbua na kuyasahau mia mbili uliyoyapita bila shida, na ukianza kuyahesabu utajifelisha mwenyewe wiki tatu kabla matokeo hayajatoka. Kula, lala, rudi wodini. Kama usajili wa benki bado una siku, anza na maswali ya Step 2 CK ya watoto na uzazi, ambayo wodini unayaona kila siku.